Mnaotaka kuingia siasa za jimbo huku Marekani, anzeni na Obama wa Springfield

Wadogo zangu mnaonitumia meseji kila wiki mkiuliza "kaka nianzie wapi", wacha leo niyaandike yote mahali pamoja. Nimekaa jimbo (state) la Illinois miaka mingi, nimefanya kampeni za jimbo kwanza kama volontia halafu kwa mshahara mdogo, na kila nikipewa mtu mpya wa kufundisha huwa naanza na Obama. Sio yule wa White House. Naongelea yule aliyekuwa seneta wa jimbo kuanzia Januari 1997 mpaka 2004, miaka karibu minane ambayo sisi Wakenya wengi hatukuifuatilia kabisa, tulikuja kumjua akishakuwa mkubwa tukaanza kuitaja Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake, kila mahali, lakini kazi aliifundishwa Springfield.

Kwanza ujue ni kazi gani hii. Bunge la Illinois lina maseneta 59 na wawakilishi 118, wanakutana Springfield, mji mkuu wa jimbo, kama kilomita 320 kutoka Chicago, na kikao kikubwa kinaanza Januari kinaisha mwisho wa Mei. Hawa ndio wanaoamua leseni yako ya udereva, leseni ya unesi, pesa za shule ya mtoto wako, polisi anaruhusiwa kufanya nini akikusimamisha barabarani. Watu wetu wanakesha na habari za Washington halafu hawamjui hata seneta wa jimbo wa mtaa wao, na ofisi yake iko hapo karibu na duka wanalonunua unga.

Sasa saini. Ili jina lako liingie kwenye karatasi ya kura lazima ukusanye saini za wapiga kura waliojiandikisha ndani ya wilaya yako ya uchaguzi, narudia NDANI ya wilaya yako. Kampeni yangu ya kwanza nilisimama nje ya supamaketi Jumamosi nzima kwenye baridi, nikarudi na karatasi zimejaa, nina furaha, kumbe karibu nusu ya waliosaini walikuwa wanakaa ng'ambo ya barabara ambayo ndio mpaka wa wilaya. Pingamizi likawekwa, mgombea wetu akatolewa. Ni mama aliyekuwa amechangiwa na ndugu zake na watu wa kanisa. Aliniita kando akaniambia taratibu, "mwanangu, ungewauliza tu wanakaa wapi." Hilo neno sijalisahau na sitaki mtu mwingine alisikie.

Obama aliingia kwa mlango huo huo wa saini. Mwaka 1995 seneta Alice Palmer aliacha kiti chake ili agombee Congress, yaani bunge la taifa kule Washington, akamuunga mkono Obama amrithi. Palmer akashindwa na Jesse Jackson Jr. kwenye mchujo wa Novemba, akaamua anarudi kutetea kiti chake, na muda wa kuwasilisha karatasi ulikuwa umebaki mchache sana. Watu wake wakakimbia huku na kule wakaleta saini 1,580 wakati zilizotakiwa ni 757, ukiangalia unasema zinatosha kabisa. Watu wa Obama wakakaa nazo wakazipitia jina moja moja, huyu hayuko kwenye daftari, huyu anakaa wilaya nyingine, huyu ameandika jina kwa herufi za kawaida badala ya kusaini, na nyingi zikaanguka. Palmer akajitoa, wagombea wengine watatu nao saini zao zikakataliwa, Obama akabaki peke yake kwenye mchujo wa Machi 1996. Mimi naona alifuata sheria, lakini pia naona wapiga kura wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, walikosa nafasi ya kuchagua, na mambo yote mawili ni kweli. Wewe kusanya mara mbili au tatu ya idadi inayotakiwa na zikague mwenyewe kila usiku kabla hazijafika kwa mpinzani.

Na hapa nisikilizeni vizuri: Illinois anayezungusha karatasi za saini lazima awe raia wa Marekani, na kila karatasi unaapa mbele ya notari kwamba waliosaini walisaini mbele yako. Kama bado una green card tu, yaani kibali cha ukaazi, kuna kazi nyingine nyingi tu, kupiga simu, kugonga milango, kutafsiri vipeperushi kwa wazee wetu. Lakini kujiandikisha kupiga kura kabla ya uraia usithubutu, hata kama mtu wa kaunta amekusukumia fomu kwa nia njema, watu wameharibu kesi zao za uraia hivyo na wengine wamerudishwa makwao.

Akafika Springfield, chama chake cha Democrat kikiwa wachache kwenye Senate, na alibaki upande wa wachache miaka sita. Mswada wa mtu wa upande huo unaweza kulala kwenye kamati mpaka kikao kiishe. Kwa hiyo alijifunza watu. Alikuwa anacheza poka usiku nyumbani kwa seneta mwenzake Terry Link, pamoja na wanasiasa wa mashambani ambao walikuwa hawafanani naye kwa lolote, akajifunza na gofu. Mwaka 1998 akasaidia kupitisha sheria ya kubana zawadi kwa wanasiasa, akishirikiana na mtu wa chama pinzani cha Republican, Kirk Dillard. Kwa hiyo ukipata nafasi kwenye ofisi ya mwakilishi usikae na watu wa chama chako tu, na yule dada wa mapokezi wa ofisi ya upande wa pili msalimie kila siku kwa jina lake, siku ukitaka dakika tano na bosi wake utanielewa.

Mwaka 2000 alikimbilia Congress dhidi ya Bobby Rush, mtu aliyejulikana South Side kila nyumba, akapigwa kama asilimia 61 kwa 30. Mwaka huo huo akaenda mkutano mkuu wa chama Los Angeles, credit card yake ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na ukumbini hakupata pasi ya kuingia. Akarudi Springfield akaendelea na miswada.

Ninayoipenda zaidi ni ya 2003. Wademokrati walikuwa wamechukua Senate, Emil Jones ndio rais wa Senate, na Obama akabeba mswada wa kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetoka kwenye aibu, watu 13 waliohukumiwa kifo walionekana hawakustahili kuwa pale, mpaka gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo Januari 2000. Lakini polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na gavana mpya naye hakuutaka. Obama akakaa nao kikao baada ya kikao, akabadilisha vipengele bila kuachia ule moyo wa mswada, na Senate ikaupitisha bila kura hata moja ya hapana. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka hilo kwa sheria ya bunge. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanataka kutoa hotuba, mimi nawapa mswada waniambie nani ataumia ukipita na wakaongee na huyo mtu kwanza.

Wa kuanza wiki hii, ingia tovuti ya bunge la Illinois, tafuta mswada unaokugusa, angalia siku ya kamati, ujaze ile fomu ya kusema unaunga mkono au unapinga. Ni bure, dakika tano, na inaingia kwenye kumbukumbu za kamati. Halafu mpigie simu mwakilishi wako umwambie umeijaza. Mchujo wa huku ni Machi, kwa hiyo saini zinakusanywa mwaka unaotangulia, mkitaka kuzunguka na mimi nitawafundisha kusoma ramani ya wilaya barabara kwa barabara.