Maji yanayotoka chini ya shimo la saileji

Wiki iliyopita nimefunika shimo la saileji, yaani mabingobingo yaliyoshindiliwa yachachuke yawe chakula cha ng'ombe. Sasa yanatoka maji ya rangi ya chai, yanaingia kwenye mfereji, na jirani wa chini analalamika. Je, ni sumu? (Mfugaji, Marangu)

Jirani yako ana haki. Maji hayo si sumu kama dawa ya kuulia wadudu, ila yamejaa sukari, protini na asidi. Yakifika mferejini, vijidudu huyala na kumaliza oksijeni iliyomo, samaki na viumbe wengine wakakosa pumzi. Maji machafu ya nyumbani huhitaji oksijeni kama miligramu 300 kwa lita ili yasafike. Ya saileji huhitaji 30,000 hadi 80,000. Ndoo moja ya lita 20 inaharibu kama lita 2,000 za maji machafu ya nyumbani, na pengine zaidi.

Leo hii zika pipa la plastiki upande wa chini wa shimo, uyakinge. Pipa la chuma litaliwa na asidi. Mengi hutoka katika siku kumi za mwanzo, kwa hiyo chungulia pipa asubuhi na jioni. Kisha nenda mwenyewe kwa jirani umwambie asichote wala asinyweshe mifugo hapo mpaka mfereji utakate. Wazee wa Kilimanjaro waligawana maji ya mfereji kwa zamu. Anayekaa chini hakupewa zamu ya kupokea uchafu wetu.

Nifanye nini yasitoke kabisa msimu ujao? (Mama mfugaji, Rungwe)

Hapa ndipo penye kazi, mama, na kazi yenyewe iko shambani kabla hujashika chepe. Mabingobingo mabichi ya masika, katika kila kilo 100, kilo 80 au zaidi ni maji. Ukiyashindilia hivyo hivyo, lazima yakamuke, na yanapotoka yanabeba chakula ulichokusudia kiwe maziwa. Yakate asubuhi umande ukishakauka, yatandaze juani yanyauke siku nzima, ndipo uyakatekate.

Halafu pima kwa mkono. Finyanga konzi ya majani yaliyokatwa kwa nusu dakika, kisha fungua kiganja. Maji yakichuruzika na donge likabaki, bado ni mabichi mno. Donge likifumuka taratibu na kiganja kikabaki na unyevu tu, funga shimo. Likitawanyika papo hapo, yamekauka kupita kiasi na hayatashindilika vizuri.

Najua Rungwe jua halina ahadi. Mvua ikikuzuia, changanya mabua makavu ya mahindi yaliyokatwa vipande vidogo, au pumba, na uweke tabaka nene zaidi chini kabisa ya shimo. Kama unaongeza molasesi, usiizimue kwa maji mengi. Kwa saileji ya mahindi, subiri punje iwe nusu ngumu, nusu bado ya maziwa. Wengi huvuna mapema kwa kuogopa wezi. Naelewa, lakini shimo litavuja.

Naweza kuyamwagia migomba? (Msomaji, Lushoto)

Ndiyo, yana potashi na naitrojeni, ambavyo ni chakula cha mimea. Yazimue kwanza, kila ndoo ya maji hayo kwa ndoo moja au zaidi ya maji safi, la sivyo yataunguza mizizi na majani. Tawanya, usimwage mahali pamoja. Kaa mita 50 kutoka kisimani, na usithubutu ardhi ikiwa imelowa au mvua ikinukia.

Kwa nini nisiyaelekeze tu kwenye shimo la samadi? (Kijana mfugaji, Njombe)

Usifanye hivyo, mwanangu. Asidi ikikutana na samadi ya majimaji hufukuza gesi ya salfa inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu huanguka kabla hajaita. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Mtambo wa bayogesi nao huvurugika ukimiminiwa asidi nyingi kwa mkupuo.

Shimo jipya nilichimbe wapi? (Mfugaji, Hai)

Mwinukoni, mbali na kisima. Kwa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 zibaki wazi. Tandika nailoni chini na ubavuni, chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando, na uache mteremko kidogo kuelekea mahali utakapozika pipa. Hata ukinyausha vizuri, lizike.