Zawadi kwa Mtu Anayejali Afya Yake: Anza na Kilichochakaa

Mtu anayeishi kwa mazoezi huwa na vifaa tele, na kila kimoja amekichagua mwenyewe kwa makini. Mimi nina dada mkimbiaji na rafiki asiyekosa yoga yake ya alfajiri. Kila nikitaka kuwanunulia kitu, sitafuti kipya kilichoingia sokoni. Natazama kile wanachokitumia sana kimefika wapi.

Viatu vya kukimbilia huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi. Kwa juu vinaonekana vizima, kumbe soli imeshapoteza mnepo na miguu inahisi kila kishindo. Lakini usimnunulie kwa kukisia! Chungulia lebo iliyo ndani ya kiatu anachokipenda, soma aina na saizi, kisha mletee hichohicho, hata kama muuzaji anakusifia kingine. Mguu uliokwisha kuzoea kiatu haupendi kujaribiwa. Kama bado una shaka, nunua soksi nzuri za michezo. Zisiwe za pamba tupu, maana pamba hushika jasho na malengelenge hayachelewi.

Kwa rafiki yangu, mkeka. Unene wa milimita 4 hadi 6 unawafaa wengi; ukizidi sana, kusimama imara kwa mguu mmoja kunakuwa kazi. Wa mpira asilia hautelezi ovyo, ila hakikisha kwanza hana mzio wa mpira.

Vidonge vya virutubisho sinunui kabisa, na nakusihi nawe uviache. Vitamini A na D zikizidi hulimbikizana mwilini. Mmea unaoitwa St John's wort, unaouzwa kama kitu cha kutuliza moyo, hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Hata mkipendana vipi, huenda hujui dawa zote anazomeza mwenzako. Mizani ya kupimia uzito nayo niachie hapohapo dukani: ukimpa mtu mizani umeshausemea mwili wake bila kuombwa. Saa ya kuhesabu hatua na usingizi, mpe tu kama ameitaja mwenyewe. Wapo ambao hizo tarakimu huwatia wasiwasi mpaka usingizi wenyewe ukawaruka.

Na usingizi ndio wengi wanausahau. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, kwa hiyo kitambaa laini cha kuziba macho au vizibo vya masikio ni zawadi ya afya kamili, tena haichukui nafasi.

Kama ana watoto wadogo, jitolee kukaa nao asubuhi nzima aende mbio zake ndefu. Usiishie kusema "siku moja nitakusaidia." Taja tarehe na saa utakayofika, aipange kwenye ratiba yake.