Griffin alipaswa kutolewa mapema

Ndugu yangu, unasema Mike Shanahan, kocha wa timu ya Washington katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hana lawama kwa kuwa Robert Griffin III, kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), mwenyewe ndiye aliyetaka kuendelea kucheza dhidi ya Seattle, tarehe 6 Januari 2013. Mimi naona kijana katika msimu wake wa kwanza hawezi kuachiwa uamuzi mzito kama huo, hasa akiwa ameumia goti lilo hilo la kulia mwezi mmoja tu kabla, walipocheza na Baltimore. Washington waliongoza 14–0 katika robo ya kwanza, lakini goti lilianza kumsumbua wakati huo huo, na tangu hapo alichechemea mbele ya macho ya kila mtu, pasi zake zikapungua nguvu. Kwenye benchi alikuwepo Kirk Cousins, kwotabeki aliyeshinda mechi ya Cleveland mwezi Desemba! Katika robo ya nne Griffin alijaribu kuufuata mpira aliorushiwa vibaya na mwenzake wa kuanzisha mchezo, goti likapinda kabla hajaguswa na mpinzani, na Seattle wakashinda 24–14. Nakubali kwamba uwanja ulikuwa mbovu, ila ubovu huo ulionekana kabla mechi haijaanza.