Mwanga uliopinda, uliopotoka au uliosokotwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala ya fizikia kuhusu faiba za kioo zinazonyongwa kama kamba ili mwanga utoke ukiwa na umbo la parafujo. Mwenzangu anaandika "mwanga uliopotoka", mimi "mwanga uliopinda". Nani kapatia? Na niseme "uzi wa kioo" au "faiba"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia, ingawa mwenzako kakaribia. Kupotoka ni ndugu wa kupota, yaani kusokota kamba, lakini siku hizi kinachopotoka ni mtoto au maadili. Tena wapo watakaomfikiria mwanga yule wa kuwanga usiku! Bahati ngeli inatuokoa: mchawi angekuwa "aliyepotoka".

Kupinda nako kuna kazi yake. Mwanga hupinda ukiingia majini. Huu wa kwenu unakwenda moja kwa moja. Kinachozunguka ni uso wa wimbi lake, uliokaa kama hesi za parafujo. Mwanafizikia Les Allen na wenzake ndio walioeleza, huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1992, kwamba mwale wa namna hii hubeba mzunguko wake wenyewe, hata waweza kuzungusha chembe ndogo. Ukimulikwa ukutani doa lake ni kama ngata ya kubebea ndoo: duara linang'aa, katikati giza.

Mimi nasema kusokota. Mtazame mama anayesokota kamba ya usumba: anaweka nyuzi pajani, anazipitishia kiganja, zinajizonga. Maabara ni vivyo hivyo. Faiba yenye unene wa mikromita 125, karibu na unywele, inapashwa kwa leza mpaka ilainike, ncha moja imeshikwa, nyingine inazungushwa. Kiini chake, yaani njia ya ndani inayopitisha mwanga, kikiwa kimekaa kando kidogo tu, kinajizonga mithili ya mtambaa unaopanda mti, na mwanga wenye urefu wa wimbi unaolingana na mizungo hiyo hutoka umesokotwa. Kiini kikiwa katikati barabara, utanyonga bure.

Kwa hiyo: faiba iliyosokotwa, mwanga uliosokotwa. Ila kamba husokotwa kwa nyuzi mbili au zaidi, na mwale huu ni mmoja. Pale makala inapoeleza wimbi lenyewe, andika "wimbi lenye umbo la hesi", msomaji asije akadhani ni miale miwili imekumbatiana. Na jihadhari na nomino. "Msokoto" ukiuacha peke yake, msomaji wa magazeti yetu ataona bangi.

Kuhusu uzi, bakia na faiba, ngeli ya i-/zi-. Mafundi wanaovuta intaneti mtaani kwako wanaiita hivyo hivyo. Vinginevyo utajikuta unaandika kwamba nyuzi zilipashwa joto hadi nyuzi 1,000, na hapo hata mimi sitakuokoa.