Ushuru Hulipwa na Mwenye Mzigo

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina duka la viti na meza hapa Jinja. Mzigo nachukua Kampala, kwa muuzaji wa jumla anayeagiza China. Juzi amepandisha bei, akaniambia ni "ushuru wa Marekani". Sokoni nako watu wanasema ushuru huo wanaulipa Wachina wenyewe. Nimsadiki nani? – Mama wa duka, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsadiki yeyote kati yao.

Miaka kumi na minne nimetoa mizigo pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na sijaona hata siku moja serikali ya nchi inayouza ikileta pesa za ushuru. Hulipa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi za forodha kuwa ndiye mwenye mzigo. Ushuru wa Marekani, basi, unalipwa na Mmarekani aliyeagiza, kwenye bandari yake. Kiti kinachoshushwa Mombasa kuja Jinja hakidaiwi hata senti ya ushuru huo.

Kinachokidai kiti chako ni ushuru wetu wenyewe wa Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 jumuiya imeweka kiwango kipya cha asilimia 35, na fenicha imo humo. Zamani ilikuwa 25. Chukua kiti ambacho thamani yake, na nauli ya meli na bima ndani, ni shilingi 100,000. Kwa asilimia 25 unafika 125,000, halafu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 125,000, si juu ya ile laki moja. Jumla 147,500. Kwa asilimia 35 inakuwa 159,300. Umeona? Ushuru umepanda kwa 10,000 lakini kiti kimepanda kwa 11,800, na hapo sijagusa zile tozo ndogondogo. Kisha mwenye jumla anaweka faida yake kwa asilimia, nawe unaweka yako, kwa hiyo pengo linazidi kupanuka hadi linapomfikia mama aliyekuja kununua kiti kimoja cha sebuleni.

Na fundi seremala wa mtaani kwako, ambaye hakutozwa chochote mpakani? Naye hupandisha. Kule Marekani mwaka 2018 waliwekea ushuru mashine za kufulia zinazotoka nje. Wachumi walipopima baadaye walikuta bei zimepanda kwa takriban asilimia 12, na mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuwekewa ushuru ule, zilipanda vilevile kwa kuwa watu hununua zote mbili pamoja. Wa nje akishapanda, wa ndani ana nafasi ya kumfuata. Sipingi kumlinda seremala wetu, kijana anayeranda mbao kutwa nzima juani anastahili soko. Ninachotaka ni mnunuzi aambiwe wazi kwamba ulinzi huo unatoka mfukoni mwake.

Ukitaka kuona kwamba mzigo wa ushuru humrudia mlaji, tazama kahawa. Bidhaa za Uganda ziliwekewa asilimia 10 na Marekani Aprili 2025, zikapandishwa hadi asilimia 15 mwezi wa Agosti. Wao kahawa hawalimi, isipokuwa kidogo sana, Hawaii hasa. Kahawa ikawa ghali vikombeni mwao wenyewe, na Novemba mwaka huohuo serikali yao ikaiondolea ushuru huo. Asiyeweza kulima hana pa kukimbilia.

Kuna njia moja ambayo ugomvi wa Marekani na China unaweza kutufikia: viwanda vya China vikikosa soko kule, vitatafuta wanunuzi kwingine, na hapo bei ya kiwandani hushuka, haipandi. Kwa hiyo mwenye jumla wako ana deni la maelezo. Muulize kwa adabu mambo matatu: kontena lilitoka Mombasa tarehe gani, dola ilikuwa shilingi ngapi siku alipolipa, na nauli ya lori ilikuwa kiasi gani. Akikuonyesha karatasi ya forodha, angalia mstari wa ushuru na mstari wa VAT, upige hesabu kama nilivyopiga hapo juu. Ikiwa mzigo uliingia miezi mitatu kabla ya bei kupanda, huo ni mzigo wa bei ya zamani, na una haki ya kumwambia hivyo.