Kabla hujamchanja ndama wako ndigana kali

Ndama wangu wa kwanza kuchanjwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, alikufa siku ya 17. Nikatangaza kijiji kizima kuwa chanjo ni feki. Haikuwa feki: ndama wa jirani, aliyechanjwa asubuhi ileile kutoka mrija uleule, ameshazaa mara mbili. Wangu aliuawa na uzito tuliokisia kwa macho.

Chanjo hii si kama ile ya mdondo wa kuku. Ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, na ndani yake mna vijidudu hai vya ndigana vilivyotolewa kwa kupe walioambukizwa kisha wakasagwa. Ni mchanganyiko wa aina tatu: Muguga, Kiambu na Serengeti. Kwa hiyo ndama anapewa ugonjwa wenyewe, na papo hapo anachomwa sindano ya pili, antibiotiki ya oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa usimzidi nguvu huku mwili ukijifunza kupigana. Sindano ya pili ikipungua, umemwambukiza ng'ombe wako kwa hela yako mwenyewe.

Dawa hiyo hupimwa kwa uzito, kwa kawaida mililita 1 kwa kila kilo 10. Mchanjaji aliuliza, "Huyu kilo hamsini?" Nikaitikia, maana nilikuwa na haraka ya kupeleka maziwa. Baadaye nilipomlinganisha na wenzake, hakuwa chini ya 80. Alipata mililita 5 badala ya 8. Leo siitikii neno mpaka utepe wa kupimia kifua, unaokadiria uzito, uzungushwe nyuma ya miguu ya mbele. Na ndama mwenye homa, minyoo mingi au aliyekonda simpeleki kabisa, hata kama mchanjaji hatarudi mwaka huu.

Kurudi kwake ni shida kweli. Chanjo husafirishwa kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja una dozi za ndama wengi. Ukishayeyushwa hautunziki mpaka kesho. Kusanyaneni majirani mapema, vinginevyo mtalipia dozi zinazomwagwa.

Kazi kubwa inaanza akishaondoka. Wiki ya pili na ya tatu pima joto kila asubuhi na upapase tezi chini ya masikio. Tezi kuvimba kidogo si ajabu. Joto likipita nyuzi 40 na ndama akaacha kunyonya, mpigie bwana mifugo siku hiyohiyo, usingoje aanze kupumua kwa shida na kutoka povu puani. Buparvakuoni hutibu vizuri ikiwahi. Mimi nilingoja siku tatu nikimnywesha mwarobaini (mama mkwe wangu bado anaamini ulikuwa kidogo tu).

Halafu kuna wanaoacha josho kwa sababu ya hereni sikioni, ile ya kuonyesha ndama amechanjwa. Chanjo inakinga ndigana kali peke yake. Ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu pia huletwa na kupe, na havijali hereni. Nyati nao wana aina zao za vijidudu ambazo chanjo hii haizizuii vizuri, hivyo ukichunga mpakani mwa hifadhi muulize mchanjaji jambo hilo kabla hujatoa pesa. Mimi niliuliza, akaniambia nisipeleke ndama kule bondeni wanakokunywa nyati. Bonde lile ndilo lenye majani kiangazi, kwa hiyo nanunua mabua.