Usimwachie mtoto ashinde: namna ya kumwingiza mwanao kwenye gemu za vigari

Mzazi aliyekulia kwenye gemu za vigari huwa na kosa lake la kawaida. Anampa mtoto pedi ya kuchezea, anaanzisha mbio kwa kasi aliyoizoea yeye, na akiona mtoto anagonga ukuta kila kona anapunguza mwendo kimyakimya ili apitwe. Mtoto huligundua hilo mapema sana. Akishaligundua, kila ushindi wake unaingiwa na shaka, hata ule alioupata kwa jasho lake. Njia iliyo bora ni kuupunguza ugumu wa gemu yenyewe, waziwazi, halafu wewe uendeshe kwa uwezo wako wote.

Mifano mingi hapa naichukua kutoka Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch (2017), kwa kuwa humo kila mchezaji anaweza kupewa msaada wake peke yake kwenye mbio zilezile. Kwenye ukurasa wa kuchagua kigari, bonyeza kitufe cha kujumlisha, au cha kutoa kwenye pedi ndogo ya kushoto (pedi za Switch huja mbili, kushoto na kulia, na kila moja inaweza kulazwa ikachezewa peke yake). Utaona mambo matatu ya kuwasha na kuzima: usukani unaosaidiwa, kuendesha kwa kuinamisha pedi, na mafuta yanayojikanyaga yenyewe.

Kwa anayeanza, washa usukani wa msaada na mafuta ya kujikanyaga. Kuinamisha pedi, kuzime. Watoto hucheza kwa mwili mzima, hulala upande, huinua mikono wakishangilia, na kigari hufuata kila mtikisiko huo kikaishia kwenye majani. Kijiti cha kidole gumba kwenye pedi kinamfundisha kwamba kigari kinakwenda pale kidole kinapoelekea, basi.

Msaada upi uondolewe kwanza? Wengi huanza na mafuta. Mimi nashauri usukani ndio utangulie. Mafuta ya kujikanyaga hayamnyimi mtoto kitu kikubwa, maana hata dereva mzoefu hushikilia kitufe hicho karibu mbio nzima, na kidole gumba kidogo huchoka upesi. Usukani wa msaada una gharama: unamzuia asianguke, lakini pia unamfungia baadhi ya njia za mkato zinazopita nje ya barabara, na unamnyima ile kasi ya mwisho ya drifti (kuteleza kwa makusudi kwenye kona ili kupata msukumo). Ukiwa umewashwa utaona antena ndogo nyuma ya kigari. Antena ikianza kufanya kazi mara chache tu katika mbio nzima, wakati wa kuuzima umefika. Uzime kwenye njia pana zisizo na shimo pembeni, kama Mario Kart Stadium au Moo Moo Meadows. Rainbow Road, ambayo ni rahisi kuanguka nje yake, isubiri.

Kasi anzeni na 50cc, daraja la polepole kuliko yote. Mpe mhusika mwepesi na magurudumu madogo ya Roller. Kigari cha namna hiyo hakina kasi kubwa ya juu, ila kinarudi kwenye mwendo haraka baada ya kugongwa, na anayeanza hugongwa sana. Wewe chukua mhusika mzito, anayechelewa kuondoka. Kisha tamka masharti yako kabla ya taa kuwaka: “Leo naanza baada ya kuhesabu mpaka kumi,” au “leo situmii drifti.” Akikushinda mbio tatu kati ya nne, punguza sharti moja, naye asikie unalipunguza.

Mafunzo ya vitufe yana mpangilio wake. Kwanza kuondoka: kwenye hesabu ya 3, 2, 1, kanyaga mafuta namba 2 inapotokea na uendelee kushikilia. Akikanyaga tangu 3, magurudumu yanazunguka bure na wote wanampita. Pili, kuruka: afikapo ukingoni mwa mwinuko abonyeze kitufe cha R (kwenye pedi moja iliyolazwa ni SR) na akitua anapata msukumo. Hili watoto hulipenda papo hapo, na linawazoesha kitufe watakachokitumia kwa drifti.

Drifti ndiyo inayotaka subira. Weka mbio za VS, zile unazojipangia kanuni mwenyewe, ondoa madereva wa kompyuta, chagua njia ya Baby Park. Ni duara fupi la mizunguko saba, kona zake zinafuatana bila kukatika. Mtoto ashikilie R huku akipinda, aendelee kushikilia mpaka cheche za buluu zitokee nyuma, kisha aachie. Akizoea, asubiri za rangi ya chungwa, na usukani wa msaada ukiwa umezimwa, hata za zambarau. Makosa ni yaleyale kwa karibu kila anayeanza. Akibonyeza R kabla hajapinda kijiti, kigari kinaruka tu kisha kinaendelea moja kwa moja. Akianza akiwa tayari katikati ya kona, anakwenda kugonga ukuta wa nje: aanze mapema zaidi ya anavyodhani, halafu akilegeze kijiti kidogo kuelekea nje ili upana wa kona uwe mikononi mwake. Akiachia cheche zikiwa hazijatokea, hapati msukumo wowote. Mwambie atazame magurudumu ya nyuma. Dakika kumi za zoezi hili kwa siku zinatosha.

Sasa silaha, vile vitu vinavyookotwa kwenye masanduku njiani, chanzo cha machozi mengi. Mweleze mtoto kwamba gemu haimwonei. Aliye mbele hupewa sarafu na ndizi. Aliyeachwa nyuma sana hupewa nyota, radi na mengine makubwa, ili mbio zisiishe mapema. Mfundishe kinga: ashikilie L (SL kwenye pedi iliyolazwa) ili ndizi ikae nyuma ya kigari, na ganda jekundu la kobe, linalomfuata dereva aliye mbele, litagonga ndizi. Ganda la buluu, lile linalomwinda wa kwanza, huvunjwa kwa silaha ya honi kubwa ikipigwa kwa wakati wake. Kama bado analia kila akipigwa, chagua uyoga peke yake, ambao huongeza kasi tu, kwenye kanuni za VS. Hapo hakuna wa kumshambulia mwenzake. Au mcheze kwa timu, mzazi na mtoto upande mmoja dhidi ya kompyuta. Wa kwanza anapata pointi 15, wa pili 12, wa tatu 10, hivyo hata nafasi ya sita ya mtoto, yenye pointi 7, inaisaidia timu, na ataiona kwenye jumla.

Vifaa navyo vina neno. Washa hali ya gemu kwenye runinga. Bila hiyo runinga nyingi huchelewesha picha, na mtoto anaonekana mzembe ilhali anabonyeza kwa wakati. Jaribu kwa kubonyeza R gari likienda: lisiporuka papo hapo, tatizo ni runinga. Pedi iliyolazwa ifungiwe kamba yake, kwani kipande chake cha pembeni hufanya SL na SR kubonyezeka kwa urahisi. Gari likivuta upande bila kuguswa, rekebisha kijiti kwenye setingi za konsoli kabla ya kumlaumu dereva. Mkiwa watatu au wanne, picha hushuka kutoka fremu 60 kwa sekunde hadi 30, na robo ya skrini ni ndogo, kwa hiyo sogeeni karibu.

Hamu ya kumwonyesha gemu ya utoto wako naielewa kabisa, lakini Super Mario Kart ya 1992 haina msaada wowote wa usukani na huteleza kama sabuni. Mpitishe kwanza kwenye njia za zamani zilizoundwa upya ndani ya 8 Deluxe, kama Donut Plains 3 iliyotoka kwenye gemu hiyo ya 1992, au Rainbow Road ya Nintendo 64. Asiye na konsoli ajaribu SuperTuxKart, ya bure kwenye kompyuta na simu za Android. Crash Team Racing Nitro-Fueled (2019) ni tamu sana, ila drifti yake inataka vidole viwili vinavyopokezana, kwa hiyo ije baada ya drifti ya kawaida kukaa mkononi.

Kombe moja lina mbio nne, kila moja dakika mbili hadi tatu. Kubalianeni idadi ya makombe kabla ya kuwasha, na mmalize kwenye jedwali la pointi, kamwe si katikati ya mbio. Akitaka kuendelea peke yake siku nyingine, rekodi muda wako kwenye mbio za saa (dereva mmoja dhidi ya saa), uhifadhi kivuli chako, yaani nakala ya mbio zako inayoonekana njiani, na umwachie akifukuze.